Masuku na maua ya pori kwenye shamba la Lubumbashi

Kabla ya kushika jembe, zunguka shamba utafute visiki. Mti wa miombo (msitu wa asili wa huku) uliokatwa kwa ajili ya makala, yaani mkaa, bado una mizizi mirefu chini, hauhitaji kumwagiliwa. Kisiki kikichipua, bakiza machipukizi 2 yenye nguvu, mengine yakate. Anayeng'oa visiki "kusafisha" shamba anatupa miti ya bure.

Penye uwazi, panda masuku, mti wa pori wenye matunda ya kuliwa (Uapaca kirkiana). Okota matunda yaliyoanguka yenyewe mvua zinapoanza, mwezi wa 11 au wa 12. Kula, kisha osha mbegu mpaka utelezi uishe, uzipande kwenye sasheti (vifuko vya kuoteshea miche) wiki hiyohiyo. Usizianike: mbegu ya masuku ikikauka imekufa, ndiyo maana zilizowekwa akiba hazioti.

Sasheti ziwe na kina cha sentimita 25, maana mzizi mkuu hushuka upesi. Changanya udongo sehemu 3 na vumbi la mbao sehemu 1. Udongo wenyewe ndio siri ya kazi hii. Uchote chini ya miti mikubwa ya masuku: sukuma majani makavu pembeni, chukua sentimita 10 za juu tu. Humo mna nyuzi za uyoga zinazoshikana na mizizi na kuitafutia chakula. Usiuchome, usiutie dawa ya ukungu. Miche iliyooteshwa kwenye udongo wa bustani ya mboga hudumaa, ikawa ya manjano, halafu watu wanalaumu jua.

Hamishia shambani mwanzoni mwa masika yanayofuata, udongo ukishalowa vizuri. Shimo sentimita 40 kila upande, mita 5 kati ya mche na mche, mzizi usikunjwe. Kuna miti dume na jike, na haijulikani mpaka itoe maua, kwa hiyo usipande miwili ukangoja matunda. Na utangoja miaka mingi.

Kwa maua, gloriosa, ua la pori linalokwea, inatosha kuanzia. Laza kiazi chake sentimita 8 chini, karibu na kichaka cha kukwea, bila kuvunja ncha: chipukizi hutokea hapo. Ni sumu kali, hivyo kisikae jikoni pamoja na viazi vitamu.

Mwezi wa 5, nyasi zikiwa bado mbichi, lima ukanda wa mita 3 kuzunguka shamba lote. Nyasi ulizofyeka ziondoe ukandani. Zikikaukia hapo, moto wa Agosti utavukia juu yake.