Ukatili wa Kwenye Skrini na wa Nyumbani: Namna ya Kumsaidia Mtoto Asiubebe

Mzazi akisikia habari za ukatili kwenye televisheni na simu, picha inayomjia ni damu. Anazima filamu ya vita, halafu anamwachia mtoto wa miaka minne katuni ambayo paka anapondwa kwa nyundo, anakuwa bapa kama chapati, anainuka, anajipangusa vumbi na kila mtu anacheka. Kwa mtoto wa umri huo, hiyo katuni ndiyo yenye somo zito zaidi: kupiga kunachekesha, hakuumizi, na aliyepiga haulizwi kitu. Kwa hiyo kabla ya kufunga chochote, jifunze kupima.

Daftari la siku saba

Wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Chukua daftari, chora safu tano: saa, kifaa na mwenye kifaa, alichotazama au kucheza, alivyokuwa katika nusu saa baada ya kuzima, alivyolala usiku huo. Andika pia vitu ambavyo hukumwekea wewe, kama taarifa ya habari inayosikika watu wakiwa mezani, filamu ya kaka yake mkubwa, au klipu zilizojipakua kwenye simu yako kutoka kundi la WhatsApp. Hivi vya pembeni ndivyo wazazi wengi husahau kuvihesabu, kwa sababu mtoto "hakuwa anatazama", alikuwa anacheza sakafuni tu. Masikio yake hayakuwa sakafuni.

Safu ya nne iandike kwa matendo. "Mkorofi" au "msumbufu" havitakusaidia kitu siku ya nane. Andika "amempiga mdogo wake teke akisema lile neno la kwenye gemu", au "hataki kwenda chooni peke yake". Hapo utaanza kuona kitu gani kinafuatwa na nini.

Pima tukio, usihesabu maiti

Kwa kila kipindi au gemu, jiulize maswali haya:

- Anayepiga ni nani? Shujaa mzuri, mwenye sura ya kupendeza, huigwa kuliko adui.
- Aliyepigwa anaonekana akiumia, au anatoweka tu?
- Aliyepiga anapatwa na nini baadaye?
- Kuna kicheko?
- Silaha yenyewe ni kitu kilichomo nyumbani? Kisu, kamba na mto wa kulalia ni hatari kuliko bunduki ya mwanga.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochunguza vipindi vya televisheni katika miaka ya 1990 ulikuta takriban asilimia 60 vina ukatili, na mara nyingi hapakuonekana maumivu wala adhabu. Shujaa husukumwa na kanuni moja, akutendaye mtende, na hadithi inamshangilia.

Swali la adhabu lina kona yake. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake walichukua watoto 72 wa shule ya awali. Waliomwona mtu mzima akimtwanga mdoli wa kujazwa hewa waliiga mapigo yale na hata maneno aliyoyasema. Katika jaribio la baadaye, matokeo yake yalichapishwa mwaka 1965, watoto walioona mpigaji akiadhibiwa waliiga kidogo. Lakini walipoahidiwa zawadi wakionyesha walichokiona, walikionyesha kama wenzao. Adhabu ilizuia kutenda, haikuzuia kujifunza. Ndiyo maana mtoto aliyetulia tuli baada ya filamu hajasalimika kwa kutulia, ameweka akiba.

Usivuke mpaka ukamtisha kwamba gemu litamfanya muuaji. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilisema mwaka 2020 kwamba ushahidi wa kuunganisha gemu za mapigano na vitendo vya ukatili hautoshi. Kilichopo ni uhusiano mdogo na mambo kama kusukumana na kupiga kelele. Kijana anajua hajaua mtu. Ukimwambia uongo huo, hatakusikiliza utakapomwambia la kweli.

Umri hubadilisha kinachotisha

Chini ya miaka saba hivi, mtoto huogopa anavyokiona kitu: meno, sauti, sura inayobadilika ghafla. Kumwambia "ni uongo tu, ni waigizaji" hakumfikii, kwa sababu mstari kati ya kweli na igizo bado haujakaa. Kinachomfaa ni mwili: mkumbatie, washa taa, mpe maji, mhamishie kwenye mchezo wa mikono.

Kuanzia miaka minane mambo yanageuka. Zimwi halimtishi tena; kinachomtisha ni kile kinachoweza kutokea kweli, kama kutekwa, moto, vita au kufiwa na mzazi. Kwa huyu, taarifa ya habari ni nzito kuliko filamu ya mazimwi, na maelezo mafupi ya kweli humtuliza: jambo limetokea wapi, liko mbali kiasi gani, nani anashughulika nalo.

Kurudiarudia picha ni tatizo la peke yake. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, baadhi ya watoto wadogo walioona minara ya New York ikianguka mara kwa mara kwenye televisheni walidhani ni majengo mapya yanayoanguka. Habari kubwa ikitokea, watu wazima wasome au wasikilize watoto wakiwa wamelala.

Kuhusu muda, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi skrini kabla ya kutimiza miaka miwili, na kwa wa miaka miwili hadi minne usizidi saa moja kwa siku, pungufu ikiwezekana.

Kaa naye, lakini usikae kimya

Kukaa pamoja bila kusema neno kunaweza kuwa kubaya kuliko kutokuwepo. Mtoto hukusoma: mama yupo, anaona, hasemi kitu, basi ni sawa. Huhitaji hotuba. Sentensi moja inatosha, isemwe tukio likiwa bado motomoto:

"Yule aliyeanguka ngazini, unadhani anajisikiaje sasa hivi?"

Swali liende kwa aliyeumizwa, lisiende kwa aliyeumiza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, watafiti Amy Nathanson na Joanne Cantor waliwaonyesha watoto wa shule ya msingi katuni yenye mapigo, na kabla ya hapo baadhi wakaombwa wafikirie hisia za anayepigwa. Wavulana waliotazama bila kuombwa hivyo waliongezeka ukali; walioombwa hawakuongezeka. Ombi lenyewe lilikuwa fupi tu.

Swali la pili, kwa mkubwa kidogo: "Angefanya nini kingine?" Akijibu "angempiga zaidi", usimkaripie. Mwulize kesho yake ingekuwaje. Maswali mawili kwa kipindi yanatosha. Ukifikisha sita umeanza mtihani, na mara nyingine atatafuta pa kutazamia bila wewe.

Badilisha kwanza, punguza baadaye

Kosa la kawaida ni kufunga kila kitu siku moja, kwa hasira, baada ya tukio. Kinachofuata ni vita vya siku tatu, kisha mzazi anachoka, anarudisha kifaa, na mtoto anajua sasa kwamba kelele za siku tatu zinafanya kazi.

Kubadilisha ni rahisi zaidi. Utafiti uliofanyika Seattle, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2013 ulihusisha familia 565 zenye watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Wazazi hawakuambiwa wapunguze saa. Walisaidiwa kuondoa vipindi vya mapigano na kuweka vya kusaidiana na kusuluhishana. Baada ya miezi sita, tabia za watoto hao zilikuwa bora kuliko za kundi la kulinganishia.

Fanya hivi: kutoka kwenye daftari, chagua vitu viwili vibaya zaidi, si kumi. Tafuta badala ya kila kimoja chenye kasi na rangi inayofanana, maana mtoto aliyezoea mbio hatakaa na kipindi cha kupanda maua. Kitazame chote wewe kwanza. Weka kipya saa ileile ya zamani kwa wiki mbili, ndipo uguse cha tatu.

Ukifika kwenye kupunguza saa, weka bajeti ya wiki badala ya siku. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya somo lililofundishwa shuleni huko San Jose, California: watoto wa darasa la tatu na la nne walikaa siku 10 bila skrini, kisha wakapewa lengo la saa 7 kwa wiki. Mwishoni mwa somo hilo la miezi sita, ugomvi wao wa maneno uwanjani ulikuwa pungufu kuliko wa shule ya kulinganishia. Bajeti ya wiki humfanya mtoto apange mwenyewe, na akiimaliza Alhamisi anajua nani aliyeimaliza.

Usitumie skrini kama zawadi wala adhabu. Kila unapoinyang'anya kama adhabu, unaipandisha thamani.

Simu yenyewe

Zima kucheza kwenyewe kwa video inayofuata. Hiki ndicho kitufe kimoja chenye faida kuliko vyote, kwani safari ya kutoka katuni hadi katuni bandia yenye visu hutokea mtoto akiwa hajagusa kitu. Futa historia ya video, kwa kuwa mapendekezo hujengwa juu yake. Mtengenezee akaunti yake. Akitumia yako, programu itamlisha unavyovipenda wewe. Kwenye WhatsApp, ingia kwenye mipangilio ya uhifadhi na data, zima kupakua picha na video kiotomatiki. Vifaa vilale sebuleni, visilale chumbani kwake, na vizimwe saa moja kabla ya kulala.

Kwenye gemu, angalia namba ya umri. Nchi nyingi za Ulaya hutumia alama za PEGI: 3, 7, 12, 16 na 18. Namba hiyo inahusu yaliyomo, haisemi kama gemu ni gumu au rahisi, na haikulindi na wageni wanaoongea naye ndani ya gemu. Mazungumzo ya sauti yazime kando.

Akishaona kitu kibaya

Neno lako la kwanza ndilo litakaloamua kama atakuja tena. "Ulikuwa unatafuta nini huko?" linafunga mlango. Sema, "Umefanya vizuri kuniambia," hata kama moyo unadunda. Mwulize alichokiona na alichokielewa, kwa sababu mara nyingi hofu iko kwenye alichokielewa: ameona mtu akipigwa, amehitimisha kwamba wanakuja kwetu. Sahihisha hilo tu. Usimlazimishe kusimulia tena mbele ya shangazi au mwalimu. Kila kurudia kunaichimba picha. Futa klipu na usiisambaze, hata kwa nia ya kuwaonya wazazi wenzako. Ikiwa ni picha ya mtoto anayedhalilishwa, ripoti kwa polisi na kwenye huduma iliyotumika kuituma, usiitume kwa mtu mwingine yeyote.

Yaliyo nje ya skrini

Hapa ndipo miongozo mingi hukomea, na ndipo penye uzito. Mtoto anayeona baba akimpiga mama halafu anaona shujaa akipiga kwenye filamu haoni vitu viwili. Anaona kanuni moja ikithibitishwa mara mbili. Nyumba yenye kipigo haiponi kwa kuzima televisheni. Kwanza ni usalama: mahali pa kukimbilia, mtu mzima anayeaminika, na namba ya dharura ambayo mtoto anaikumbuka kwa kichwa. Mwambie waziwazi asijaribu kuwaamua wanaopigana.

Kwa mengine, kama ulevi, kazi iliyopotea, deni au wazazi kutengana, mtoto mdogo hujaza pengo la maelezo kwa kujilaumu. Mpe sentensi tatu: kilichotokea, kwamba si kosa lake, na kitakachobaki vilevile. "Baba hana kazi kwa sasa. Si kwa sababu yako. Utaendelea kwenda shule na tutakula pamoja jioni." Usiahidi usichokishika. Na usimfanye msiri wako; miaka tisa si umri wa kubeba deni la nyumba.

Kumchapa mtoto kwa sababu amempiga mwenzake kama alivyoona kwenye filamu ni kumwongezea somo lilelile. Mshike mkono, mwondoe pale, subiri atulie, kisha arudi kumhudumia aliyemwumiza: alete maji, aokote alichokitupa.

Wakati wa kutafuta msaada

Hofu ya siku chache ni ya kawaida. Ndoto mbaya, kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, mchezo uleule wa kutisha unaorudiwa bila furaha, kukwepa mahali au watu, au hasira za ghafla: haya yakipita mwezi mmoja, au yakimharibia shule na usingizi kabla ya hapo, mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha wa watoto. Akitesa wanyama kwa makusudi, usingoje mwezi. Akisema anataka kufa au ana mpango wa kumdhuru mtu, ni siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake mpaka mmefika.

Nenda na lile daftari. Mtoto huenda asiseme neno mbele ya mgeni, na safu ya nne na ya tano ndizo zitakazomweleza mtaalamu yalianza lini na hufuata nini.