Safari ya kwanza ya treni hadi Wengen, kijiji cha mlimani Uswisi: panga hivi

Kila ninapomsaidia mgeni kupanga safari ya milimani Uswisi, kinachomtisha ni kubadilisha treni. Anaona Zürich, Bern, Interlaken, Lauterbrunnen, kisha kijiji chenyewe, anaanza kuulizia teksi. Teksi haitamfikisha, maana Wengen hakuna barabara ya magari kutoka bondeni. Wenye magari huyaacha Lauterbrunnen, nao wakapanda treni kama wengine. Na kubadilisha treni ndiyo sehemu rahisi. Watu hupoteza fedha kwenye aina ya tiketi na kwenye siku ya kufika, kwa hiyo huko ndiko nitakaa zaidi.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwanza, hoteli baadaye

Juni hadi Septemba ni msimu wa kutembea kwa miguu. Desemba hadi Machi ni theluji. Katikati, yaani Aprili na Mei, na tena Novemba, hoteli nyingi hufunga na baadhi ya magari ya nyaya yanayopandisha watu mlimani husimama kwa matengenezo. Bei ikikushangaza kwa unafuu miezi hiyo, ujue sababu. Katikati ya Januari kuna mashindano ya kuteleza kwenye theluji ya Lauberhorn. Kijiji hujaa pomoni. Kama hukuja kwa ajili ya mashindano, ziepuke siku hizo.

Wengi huniuliza kuhusu kukosa pumzi. Wengen iko mita 1,274 juu ya usawa wa bahari, chini ya Nairobi na hata Arusha. Kinachotaka maandalizi ni baridi. Ukipanda hadi Jungfraujoch, stesheni ya treni iliyo juu mlimani, mita 3,454, hapo ndipo utahema na kichwa kinaweza kuuma, kwa hiyo tembea polepole na unywe maji.

Hatua ya 2: Visa kabla ya kulipia chochote kisichorudishwa

Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja. Mwenye pasipoti ya nchi zetu za Afrika Mashariki anahitaji visa ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Bima ya matibabu lazima ifikie walau euro 30,000. Weka hoteli inayoruhusu kughairi bure, na tiketi za treni usiziguse mpaka visa iwe mkononi.

Hatua ya 3: Isome njia mpaka uielewe

Pakua programu ya SBB Mobile, ya shirika la reli la Uswisi. Andika unakotoka, Zürich Flughafen (stesheni iko chini ya uwanja wa ndege wenyewe), na unakokwenda, Wengen. Usiandike Interlaken ukidhani mengine utayamaliza mbele ya safari. Tiketi moja inakupeleka mpaka kijijini hata kama njiani utapanda treni za kampuni tatu tofauti.

Programu itakuonyesha safari ya saa tatu na ushee, na kubadilisha treni mara mbili au tatu. Sababu iko kwenye reli zenyewe. Hadi Interlaken Ost unasafiri kwenye reli ya upana wa milimita 1,435, kipimo kilekile cha SGR. Kutoka Interlaken Ost hadi Lauterbrunnen reli ni ya milimita 1,000, kama ile ya zamani ya Dar hadi Kigoma. Kutoka Lauterbrunnen kupanda Wengen inabaki milimita 800 tu, na katikati yake kuna reli ya tatu yenye meno, inayoshikwa na gurudumu la meno lililo chini ya treni ili isirudi nyuma kwenye mwinuko. Njia hiyo imekuwapo tangu 1893. Treni moja haiwezi kupita zote tatu, kwa hiyo hata ukilipa daraja la kwanza utashuka palepale wanaposhuka wenzako.

Programu ikikupa dakika tano au sita za kubadilisha treni, usiogope. Ratiba imepangwa ili treni zisubiriane stesheni moja kisha ziachane, na ukiikosa moja, kwenye njia hii nyingine huja kwa kawaida baada ya nusu saa. Saa za ratiba ni za mtindo wa 24: 20:05 ni saa mbili na dakika tano usiku.

Hatua ya 4: Tiketi

Usinunue chochote kabla hujaandika kwenye karatasi siku zako zote na safari za kila siku. Ndipo ulinganishe.

*Tiketi ya kawaida.* Haikufungi kwenye treni maalumu. Ni ya njia hiyo kwa siku hiyo, unapanda treni yoyote na huhitaji kuweka kiti.

*Tiketi ya punguzo* (kwenye programu huitwa Supersaver). Ni ya bei nzuri, lakini imefungwa kwenye treni uliyoichagua. Kwa siku ya kutua, naikataa kabisa. Ndege ikichelewa saa moja, au foleni ya uhamiaji ikiwa ndefu, tiketi hiyo haina kazi na utanunua nyingine kwa bei kamili. Itumie siku za katikati, ukiwa umeshafika na ratiba iko mikononi mwako.

*Kadi ya nusu nauli kwa wageni* (Swiss Half Fare Card). Ni ya mwezi mmoja, na inakata nusu ya nauli karibu kila mahali: treni, mabasi, boti na reli nyingi za milimani.

*Swiss Travel Pass.* Ni ya siku 3, 4, 6, 8 au 15, kwa wanaoishi nje ya Uswisi na Liechtenstein. Inakufikisha Wengen bila kulipa zaidi, lakini ukipanda juu kuelekea Jungfraujoch inakupa punguzo tu. Hapa ndipo wengi hukasirika, kwa sababu walidhani wameshalipia kila kitu.

Maoni yangu: ukikaa kijiji kimoja siku nne au tano na kupanda milima, kadi ya nusu nauli kwa kawaida hushinda. Ukizunguka nchi, leo Luzern, kesho Geneva, keshokutwa Lugano, chukua Travel Pass. Wenye watoto, waulizieni Swiss Family Card: hutolewa bure pamoja na kadi hizo mbili, na mtoto wa miaka 6 hadi 15 husafiri bila nauli akiwa na mzazi. Walio chini ya miaka 6 hawalipi.

Stesheni hazina mageti, mkaguzi hupita ndani ya behewa. Kwa hiyo nunua kabla treni haijaondoka. Ukinunua imeshang'oa, hiyo si tiketi, na faini yake inauma. Kadi hizi zina jina lako, pasipoti iwe karibu.

Hatua ya 5: Mzigo, simu na umeme

Begi moja la magurudumu unaloweza kulinyanyua mwenyewe. Wajulishe hoteli treni yako inafika saa ngapi. Wengi hutuma kigari cha umeme kuchukua mizigo stesheni.

Wanaoishi Ujerumani au Ubelgiji wasiamini kwamba laini yao itafanya kazi Uswisi kwa bei ya nyumbani. Haki hiyo ni ya nchi za Umoja wa Ulaya. Uliza kampuni yako kwanza, na tiketi iwe kwenye simu hata bila intaneti. Soketi za Uswisi ni za matundu matatu ya mviringo. Plagi zetu za pini bapa haziingii, beba adapta. Fedha ni faranga.

Hatua ya 6: Siku ya safari

Jukwaani utaona herufi A, B, C, D. Ubao unaonyesha behewa za daraja la 1 na la 2 zitasimama kwenye herufi ipi. Kasimame hapo mapema. Mlango haujifungui, bonyeza kitufe. Ukitazama saa ya stesheni utaona mshale mwekundu wa sekunde unasita kidogo kwenye 12 kabla ya dakika kuruka. Haijaharibika, ndivyo ilivyotengenezwa.

Baada ya mji wa Thun, kati ya Bern na Interlaken, ziwa liko kushoto kwako ukitazama mbele. Kisha zinakuja stesheni mbili za Interlaken. Ya kwanza ni West. Tulia kitini. Wewe unashuka Ost, mwisho wa njia.

Hapo Ost ndipo pa kuwa macho kuliko pengine pote. Treni utakayopanda inakatwa vipande viwili kwenye stesheni ya Zweilütschinen: kimoja kinakwenda Lauterbrunnen, kingine Grindelwald. Watu hupanda behewa lililo karibu, wakashtukia wako bonde jingine. Soma kibao cha behewa lenyewe. Ukiwa na shaka, uliza "Lauterbrunnen?" huku ukionyesha behewa, atakayekuwa karibu atakujibu hata kwa kichwa.

Lauterbrunnen unashuka na kuvuka hadi treni ndogo ya Wengen. Kaa dirisha linalotazama bonde. Treni ikianza kupanda utasikia meno yakisaga chini ya miguu, na maporomoko ya Staubbach, karibu mita 300, yatakuwa ng'ambo ya bonde.

Hatua ya 7: Kurudi

Kutoka Wengen hesabu nyuma: saa ya ndege, toa saa tatu za uwanjani, toa saa tatu na nusu za treni, kisha chagua treni iliyotangulia hiyo. Ndege ya alfajiri haipatani na kijiji hiki. Usiku wa mwisho lala Zürich.