Namna ya Kufuatilia Asili ya Ng'ombe wa Nundu

Anza na nundu yenyewe. Ikiwa imekaa juu ya mabega, mnyama huyo kwa kawaida ni zebu. Ikiwa ni ndogo na imesogea mbele shingoni, huenda ni sanga, aina ya Kiafrika iliyotokana na zebu kuchanganyika na ng'ombe wasio na nundu. Usiishie hapo, kwa maana umbo huficha nusu ya nasaba.

Kwa nyakati za kale, chunguza mifupa. Nundu ni misuli na mafuta, hivyo huoza. Lakini baadhi ya pingili za mgongo wa zebu, zile za mabegani, huwa na mwiba uliogawanyika nchani, na alama hiyo hudumu ardhini. Ushahidi wa mifupa, pamoja na vinyago vya udongo vyenye nundu, unaelekeza Mehrgarh, katika Balochistan ya Pakistan, ambako zebu walifugwa takriban miaka 8,000 iliyopita. Usiwahesabu kuwa tawi la ng'ombe waliofugwa Mashariki ya Kati, kwani mababu mwitu wa makundi hayo mawili walikuwa wametengana kwa mamia ya maelfu ya miaka.

Hatua ya vinasaba ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote. Pima vinasaba vya mitokondria, yaani visehemu vidogo vya seli, ambavyo ndama huvirithi kwa mama, kisha upime kromosomu Y, ambayo dume huipata kwa baba, na usichanganye majibu hayo mawili. Katika Afrika, karibu ng'ombe wote, hata wenye nundu kubwa, wana mitokondria ya ng'ombe wasio na nundu, ilhali madume wengi wana kromosomu Y ya zebu. Kwa hiyo zebu walienea barani hasa kwa njia ya madume yaliyopandishwa kwa majike ya wenyeji, na kwa maoni yangu hakuna ugunduzi unaoeleza historia hii vizuri zaidi. Sotoka, ugonjwa wa kuambukiza wa ng'ombe, ya miaka ya 1890, iliyoteketeza mifugo mingi, iliongeza nafasi ya zebu.

Kwa karne za karibuni, linganisha vinasaba na kumbukumbu za meli na za wafugaji. Nelore, aina ya zebu wa Brazil, wametokana na Ongole, aina ya zebu wa India, lakini wengi wana mitokondria isiyo ya zebu, kwa sababu madume yaliyoletwa yalipandishwa kizazi baada ya kizazi kwa majike yaliyokuwako yenye asili ya Ulaya.