Gari linatetemeka likiwa sailensi na linakunywa mafuta: usikimbilie nozeli

Mara nyingi naletewa gari la namna hii: likisimama kwenye foleni likiwa sailensi, yaani injini inawaka bila kukanyagwa mafuta, usukani unatetemeka, likikanyagwa linatulia, na mafuta yanaisha kabla ya siku zake. Mwenye gari ameshauziwa plagi, pampu, hata nozeli, zile zinazopuliza petroli kwenye injini. Nitatumia mfano wa injini ya 1NZ ya Toyota, ile ya cc 1500 iliyo kwenye IST nyingi, kwa kuwa ndiyo imejaa barabarani kwetu.

Hatua ya 1: Pima ulaji wa mafuta. Jaza tenki hadi pampu ya sheli ikate yenyewe, andika kilomita. Tembea kama kilomita 200, rudi sheli ileile, pampu ileile, ujaze tena hadi ikate. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. IST nzima, hata kwenye foleni za Dar, mimi nategemea inipe kilomita 10 au zaidi kwa lita. Angalia pia upepo wa matairi, na ukishuka tu kwenye gari sogeza kiganja karibu na kila rimu. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki imejamu.

Hatua ya 2: Kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari, soma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa humo, kabla hujachomoa betri. Ukichomoa, kumbukumbu inafutika. P0301 hadi P0304 zinakuonyesha silinda inayomisi, yaani isiyochoma petroli vizuri. P0171 inasema hewa imezidi petroli. Kodi inakuonyesha pa kutafuta. Haikwambii kifaa cha kununua.

Hatua ya 3: Angalia joto la injini. Hapa naomba uvumilie, maana hapa ndipo watu wanapoteza hela. Gari likichemsha mara moja tu, mafundi wengi wanang'oa thamostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, na kufunga bila kuirudisha. Maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote na injini haifikii joto lake. Kompyuta ikisoma nyuzi 60 inajua injini bado ni ya baridi, inaendelea kuongeza petroli. Petroli hiyo haiungui yote, plagi zinashika masizi, na mtetemo unaanzia hapo.

Dada mmoja aliniletea IST inayokwenda kilomita 7 kwa lita. Nilipomuuliza kama kuna taa yoyote inawaka, akasema ile ya bluu ya dashibodi, inayoonyesha injini ni ya baridi, ilirudi kuwaka alipokuwa anateremka Kitonga alfajiri. Taa hiyo ikishazimika haitakiwi kurudi mpaka injini ipoe. Nilifungua nyumba ya thamostati nikakuta mpira wake tu, ndani hakuna kitu. Tuliweka thamostati, tukasafisha plagi, akapata kilomita 11.

Ukiwa na mashine, tembea dakika 15 kisha soma joto: linatakiwa kuzidi nyuzi 80 na kukaa huko. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto.

Hatua ya 4: Tafuta silinda inayomisi. Kama kodi ni P0302, fungua koili (inayoipa plagi umeme) ya silinda ya pili kwa spana namba 10, ibadilishane na ya tatu. Futa kodi, endesha. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, hamisha plagi kwa namna hiyohiyo. Nozeli ziguse mwisho. Plagi ya rangi ya kahawia ni nzima. Nyeusi kavu ni petroli nyingi. Ikiwa kisima chake, yaani shimo inamokaa plagi, kina oili, badilisha gasketi ya kava la juu.

Hatua ya 5: Hewa ya wizi, yaani inayoingia kwenye injini bila kupimwa na sensa. Kagua mipira yote baada ya sensa ya hewa, ikunje kwa vidole, maana ufa hujificha kwenye mkunjo. Kwenye mashine, kama petroli inayoongezwa na kompyuta imepita asilimia 10 likiwa sailensi, halafu inashuka ukipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, hewa inavuja. Safisha na throto pia, lile lango la hewa ya injini, swichi ikiwa imezimwa, na usilisukume bamba lake kwa nguvu.

Hatua ya 6: Mauntingi, yaani mipira inayoshikilia injini. Mshale wa mizunguko ukiwa umetulia lakini gari linatetemeka likiwa D na kutulia ukiweka N, anza na mauntingi za injini. Hilo halihusiani na ulaji wa mafuta, na mteja aambiwe hivyo kabla hajalipa.

Ukimaliza, rudi pampu ileile ya hatua ya kwanza, ujaze na kupima upya.