Wikendi ya Kwanza ya Fomula 4: Mwongozo kwa Dereva Kijana na Anayemsindikiza

Ukizijumlisha dakika zote ambazo dereva wa Fomula 4 hukaa nyuma ya usukani kwa wikendi nzima, utakuta ni chache kuliko watu wengi wanavyodhani. Vipindi viwili vya mazoezi vya dakika 40 hivi kila kimoja, kufuzu, yaani kutafuta muda bora unaopanga nafasi za kuanzia mbio, mara moja au mbili kwa dakika 15 au 20, kisha mbio tatu ambazo kwa kawaida hazizidi nusu saa: ratiba ya namna hiyo haifikishi saa nne za kuendesha. Muda uliobaki ni wa kungoja, kukagua, kuzungumza na kula. Mwongozo huu umesimama juu ya hoja hiyo moja, kwamba dakika za barabarani zikishapita hazirudi, na kwa hiyo kila jambo linaloweza kufanywa gari likiwa limesimama lifanywe gari likiwa limesimama.

Fomula 4 iliasisiwa na FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, na mashindano yake ya kwanza yalifanyika nchini Italia mwaka 2014, ambapo bingwa alikuwa Lance Stroll. Nia ilikuwa kumjengea kijana anayetoka kwenye mbio za gokati daraja la gharama inayodhibitiwa kabla hajafika Fomula 3. Umri wa chini ni miaka 15. Gari lina kiunzi cha nyuzi za kaboni na, katika kizazi kilichoingia mwaka 2022, tao la kulinda kichwa. Injini yake hufungwa kwa lakiri ili timu isiichezee, na nguvu yake ni karibu farasi 180. Halina breki za kuzuia magurudumu yasikwame, wala kifaa cha kuzuia magurudumu ya nyuma yasiteleze unapokanyaga mafuta. Kwa kuwa katika shindano moja wote huendesha gari la aina moja na tairi za aina moja, tofauti kubwa hubaki kwa dereva na kwa maandalizi.

Kabla ya kufika

Anza na kiti. Kiti cha gari hili hutengenezwa kwa kumkalisha dereva ndani ya gari, akiwa na mfuko mgongoni, kisha fundi humimina vimiminika viwili ambavyo vikikutana huvimba, hupata joto na kuganda kwa umbo la mwili wake. Kazi hiyo haifai kuharakishwa. Dereva akae kama atakavyokaa mbioni, amevaa mavazi yake kamili, mikono ikiwa kwenye usukani na mguu wa kushoto ukikanyaga breki kwa nguvu zote, kwa sababu ni katika kukanyaga breki ndipo kiti kibaya hujidhihirisha. Niliwahi kumsindikiza kijana aliyeona haya kusema kwamba kiti kinamchoma ubavuni. Kufikia mbio ya pili alikuwa akizikata kona za kulia akiwa amekaza mwili kukwepa maumivu, na sisi tulikuwa tukihangaika kutafuta kosa kwenye mpangilio wa gari. Mwambie kijana wako mapema kwamba kulalamikia kiti si utovu wa adabu.

Mavazi yakaguliwe nyumbani: helmeti, suti isiyoshika moto, nguo za ndani, glavu, viatu na kizuizi cha shingo, kila kimoja kikiwa na lebo ya kiwango cha FIA kinachotajwa katika kanuni za shindano. Mkaguzi husoma lebo, hasikilizi maelezo. Kanuni zenyewe zisomwe na dereva, si na mzazi peke yake, hususan sehemu zinazohusu idadi ya tairi zinazoruhusiwa kwa wikendi, namna nafasi za kuanzia zinavyopangwa, na adhabu za kuvuka mipaka ya barabara.

Kuikagua barabara kwa miguu

Timu nyingi huizunguka barabara kwa miguu kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi, na madereva wengi wachanga huugeuza mzunguko huo kuwa matembezi ya kupiga soga. Ni hasara, maana kuna mambo yasiyoonekana kwenye video wala kwenye kompyuta ya mazoezi. Chuchumaa kwenye kona uone lami imelalia upande gani: kona iliyolalia ndani hulipokea gari na kulishika, iliyolalia nje hulisukuma. Pima urefu wa kingo kwa kiatu chako, ujue upi unaweza kukanyagwa na upi utaling'oa gari kutoka ardhini. Tazama lami iliyotiwa viraka, kwani kiraka kipya na lami ya zamani havishiki sawa mvua inaponyesha. Hesabu vituo vya wapeperusha bendera na ukumbuke kila kimoja kiko upande gani, ili kasi itakapokuwa kubwa macho yako yasihangaike kuvitafuta.

Mazoezi

Katika ngazi hii vifaa vya kupasha tairi moto kabla ya kutoka haviruhusiwi, kwa hiyo mzunguko wa kwanza hufanyika juu ya tairi baridi zinazoteleza kama sabuni. Jenga joto kwa breki na kwa usukani, taratibu, huku ukijifunza kutambua kwa makalio na mikono wakati tairi zinapoanza kushika. Kila kipindi kiwe na mpango ulioandikwa: mizunguko mingapi, kurudi piti (eneo la timu kando ya barabara) lini, na swali gani moja linatafutiwa jibu. Mkibadilisha mambo mawili kwa pamoja, tuseme presha ya tairi na pembe ya bawa la mbele, hamtajua ni lipi lililoleta nafuu.

Jambo linalowasumbua zaidi wanaotoka kwenye gokati ni breki. Gokati nyingi za vijana hufunga magurudumu ya nyuma tu na hazina mabawa, ilhali gari hili hufunga magurudumu yote manne, na mabawa yake hulikandamiza chini kadiri kasi inavyoongezeka. Maana yake ni kwamba nguvu kubwa kabisa ya breki hupatikana mwanzoni, kasi ikiwa bado juu na hewa ikiwa bado inalishikilia gari. Kasi inavyopungua, mkandamizo huo nao hupungua, na mguu uliobaki umekanyaga vilevile utayakwamisha magurudumu. Kwa hiyo kanyaga kwa nguvu mara moja, kisha uachie kidogokidogo mpaka gari linapoingia konani. Gurudumu likikwama utaona moshi mweupe kwenye tairi ya mbele, na baada ya hapo usukani utatetemeka kila mzunguko, kwa kuwa tairi imelika upande mmoja na kufanya bapa. Tairi hiyo huenda ndiyo uliyoihifadhi kwa ajili ya kufuzu.

Urudipo piti, usimwambie mhandisi kwamba gari ni baya. Mwambie ni kona ipi, ni wakati wa kuingia, katikati au wakati wa kutoka, na kama ni pua isiyotaka kugeuka au ni mkia unaochomoka. Maneno hayo matatu yanamtosha kuanza kazi, naye atayalinganisha na data inayoonyesha breki, mafuta na usukani kwa kila mita.

Kufuzu

Kwangu mimi hiki ndicho kipindi kizito kuliko vyote, kwa sababu magari yakilingana hivi, kupita ni kugumu, na nafasi unayoanzia mara nyingi hukaribiana na ile utakayomalizia. Tairi mpya hutoa uwezo wake wa juu kwa mizunguko michache tu baada ya kupata joto. Ukiipasha kupita kiasi umeuchoma uwezo huo bure, na ukiwahi kushambulia utaikuta kona ya kwanza tairi zikiwa bado zimelala. Aidha magari ni mengi, na kila dereva anataka nafasi tupu mbele yake, jambo linalofanya msururu uende polepole katika kona za mwisho huku kila mmoja akimngoja mwenzake. Ukikaribia mno gari la mbele, hewa iliyovurugwa itakunyima mkandamizo konani. Ukiwa mbali mno, utakosa msaada wa kufuata mgongo wake kwenye sehemu iliyonyooka. Umbali ufaao hutegemea barabara, na ni swali la kumuuliza mhandisi usiku uliotangulia.

Weka kwanza muda wa akiba, mzunguko mzuri usio na ujasiri wa ziada, kwa maana bendera nyekundu yaweza kukatiza kipindi wakati wowote na isibaki nafasi nyingine. Baadhi ya mashindano humfutia muda wake bora dereva aliyeisababisha bendera hiyo. Vilevile, pale ambapo muda bora hupanga nafasi za mbio moja na muda bora wa pili hupanga nafasi za mbio nyingine, dereva anayelegeza baada ya mzunguko mmoja wa kupendeza amejiharibia mbio nzima.

Kuanza mbio na kuzikimbia

Baada ya mzunguko wa maandalizi, ambao kazi yake ni kupasha tairi na breki, simama ndani ya kisanduku chako huku magurudumu yakiwa yamenyooka. Taa tano nyekundu huwaka, kisha huzimika kwa pamoja. Ukiachia klachi ghafla, injini huzimika au magurudumu ya nyuma huzunguka bila gari kwenda. Ukiichelewesha, walio nyuma wanakupita kushoto na kulia. Fanya mazoezi ya kuondoka, kwa mfano mwishoni mwa kipindi panaporuhusiwa, na anayeyapuuza hujuta mbele ya watu wote.

Katika kona ya kwanza tairi ni baridi, breki ni baridi, na magari yote yamesongamana. Bawa la mbele liko chini na mbele mno kiasi kwamba dereva halioni vizuri, nalo ndilo huvunjika kwanza. Nafasi mbili unazozitamani hapo zinaweza kupatikana mzunguko wa nne bila hatari hiyo. Bawa likivunjika, mara nyingi mbio imeharibika. Mbio zenye nafasi zilizogeuzwa, ambapo baadhi ya waliofuzu mbele huanzia nyuma yako, zinahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa wenye kasi watakuja kwa pupa.

Bendera zikaririwe hadi zisihitaji kufikiriwa. Njano moja ni kupunguza mwendo na kutopita mtu. Njano mbili zinazopepea ni kuwa tayari kusimama, kwani huenda kuna watu barabarani. Nyeusi yenye duara la chungwa, ikiambatana na namba yako, hukuita piti kwa sababu gari lina hitilafu ya hatari. Gari la usalama, lile linaloyaongoza magari yote polepole baada ya ajali, likiingia barabarani, kazi yako ni kuzilinda tairi zisipoe na kumtazama anayeongoza, kwa maana yeye ndiye atakayechagua lini mbio zianze upya.

Mvua ikinyesha, iache njia ya kawaida. Mpira wa tairi ulioganda kwenye lami, ambao juani ulikuwa rafiki, majini huwa utelezi, na mshiko hupatikana upande wa nje ambako wachache hupita. Kuhusu kuchagua tairi barabara inapoanza kukauka, msikilize mhandisi, lakini mweleze unachokiona, maana yeye yuko chini ya paa.

Baada ya bendera ya mwisho

Mzunguko wa kurudi nao una kazi. Gari hupimwa uzito pamoja na dereva na mavazi yake, na aliyepungukiwa huondolewa kwenye matokeo. Ndiyo maana utawaona madereva wakipita kwa makusudi juu ya vipande vya mpira vilivyotapakaa kando ya njia, ili vinate kwenye tairi. Ukifika kwenye uwanja uliofungwa ambako magari hukaguliwa, usiguse kitu, na mzazi asivuke kizuizi hata kama ni kwa kumbatio.

Huenda mkaitwa na wasimamizi kuhusu tukio fulani. Dereva ambaye hajatimiza umri wa utu uzima huenda na mwakilishi wake, lakini ni vyema kijana azungumze mwenyewe, kwa sauti ya chini, aeleze alichokiona na alichokifanya. Wasimamizi wameshatazama video, na wanaotofautiana na video hawasaidiki. Mzazi aliyekasirika na abaki nje.

Jioni ya mwisho, kabla ya kutazama video na kabla ya kulala, dereva aandike kwa mkono wake presha za tairi, gia aliyotumia katika kila kona, mahali alipoanzia breki, na mahali alipopoteza muda kwa maoni yake. Siku inayofuata mhandisi atamtumia data, naye ataweka karatasi hiyo kando yake na kuona ni wapi hisia zake zilimdanganya. Kiti nacho kitolewe garini, kifutwe, kiandikwe jina na kupakiwa.