Jinsi ya kumwomba Askofu Msaidizi aje kutoa Kipaimara

Katika Kanisa la Anglikana, darasa la Kipaimara (ibada ambayo askofu huwawekea mikono waliobatizwa) linapokaribia kumaliza, andikeni barua kwa Askofu wa Dayosisi. Hata kama Askofu Msaidizi mnamfahamu na namba yake mnayo, msipange naye tarehe pembeni. Anatumika kwa mamlaka aliyokabidhiwa na Askofu wa Dayosisi, na huyo ndiye anayeamua nani aende wapi.

Akipangwa Msaidizi, mpokeeni kwa furaha. Huniuma sana kusikia waumini wakinung'unika kwamba "tumeletewa msaidizi". Amewekewa mikono na maaskofu kama askofu mwingine yeyote, na Kipaimara anachotoa ni kilekile. Yohana Omari, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana Tanganyika, alikuwa Askofu Msaidizi. Aliwekwa wakfu Namirembe, Kampala, mwaka 1955, siku moja na Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya, nao wakiwa wasaidizi.

Barua iandikwe na kasisi wa parishi baada ya kukubaliana na wazee wa kanisa, ipitie kwa Arkidikoni, yaani kasisi anayesimamia parishi kadhaa kwa niaba ya askofu, ndipo ifike ofisi ya Dayosisi. Ipelekeni miezi kadhaa kabla. Tajeni idadi ya wanakipaimara, makanisa wanakotoka, na Jumapili mbili au tatu zinazowafaa, ili ya kwanza ikigongana na sinodi, yaani mkutano mkuu wa dayosisi, msianze upya. Kama kuna jengo la kuwekwa wakfu siku hiyohiyo, lisemeni humohumo. Askofu asilisikie akiwa ameshavaa joho.

Kazi kubwa ni orodha. Linganisheni kila jina na cheti cha ubatizo, herufi kwa herufi. Aliyebatizwa Elizabeti asije akawa Elizabeth kwenye cheti cha Kipaimara, maana siku akitaka kufunga ndoa vyeti viwili vitamsumbua. Aliyepoteza cheti, jina lake litafutwe katika rejista ya kanisa alikobatizwa. Ambaye hajabatizwa kabisa, abatizwe kwanza.

Wote wawe wanaijua Imani ya Mitume, Sala ya Bwana na Amri Kumi, na wanaelewa wanachokisema, kwa sababu askofu anaweza kuwauliza.

Vyeti vijazwe Ijumaa, si Jumapili asubuhi. Wekeni meza na kalamu sakristia, chumba cha kuvalia mavazi ya ibada, na ibada ikiisha, askofu atie saini rejista na vyeti vyote kabla hajapelekwa kwenye chakula.