Likizo ya Juni isikute kasma (fungu la bajeti) imekauka
Wakutubi wenzangu wa maktaba za wilayani, tazameni kalenda: mwaka wa fedha Tanzania huanza Julai 1, na likizo ya shule ya katikati ya mwaka huangukia Juni, fedha zikiwa zimekwisha. Ndipo watoto wanapojaa, na hakuna hata manila ya kuchorea. Nunueni vifaa vya Juni tangu Februari, manila, gundi, kalamu za rangi, mvifungie kabatini.

Kila kipindi cha hadithi kiwe na daftari la mahudhurio: umri, shule, tarehe. Mkiomba bajeti mpya, ambatisheni jumla zake. Kifungu kilichoandikwa “shughuli za watoto” tu hukatwa haraka mno. Chenye idadi ya watoto na bei ya kila kifaa, mhasibu huuliza kwanza kabla ya kukikata.